Falcone na Sababu ya Mauaji

Giovanni Falcone alizaliwa Palermo, kisiwani Sicily, mwaka 1939. Alikuwa hakimu wa upelelezi katika zama ambazo Mafia waliua mchana kweupe, na washitakiwa wakaachiliwa kwa upungufu wa ushahidi.

Muuaji wa genge aghalabu hana ugomvi na anayemwua, ametumwa tu. Mahakama ikiuliza ana chuki gani na marehemu, haipati jibu. Falcone hakuridhika kuyatazama mauaji hayo moja moja. Aliyakusanya katika jalada moja, akafuatia hundi na hesabu za benki, akabainisha ni nani waliokuwa wakinufaika na biashara ya heroini. Mwaka 1984 Tommaso Buscetta, mwanachama wa Mafia, alimweleza kwamba mauaji makubwa yaliamuliwa na baraza la wakuu wao. Hapo sababu ikadhihirika: haikuwa chuki ya mtu, bali maslahi ya genge.

Kesi ilifunguliwa Februari 1986, na Desemba 1987 watu zaidi ya 300 walitiwa hatiani. Januari 1992 mahakama ya juu kabisa ya Italia iliithibitisha hoja hiyo. Tarehe 23 Mei mwaka huo, Falcone, mkewe Francesca na walinzi watatu waliuawa kwa bomu karibu na Capaci.

Sisi wakazi wa visiwa, tunaojuana sote na kuhesabu kunyamaza kuwa adabu, tunalo funzo hapa. Serikali haina budi kuwafundisha wapelelezi kusoma vitabu vya hesabu, na kumlinda shahidi kabla hajafumbua kinywa.