Rukmini Devi: Mwanamke aliyeitoa ngoma hekaluni na kuipeleka shuleni

Jioni inapoingia katika shule ya sanaa ya Kalakshetra, mjini Chennai, kusini mwa India, wazazi huketi ukumbini kuwasubiri watoto wao watoke jukwaani. Wanafunzi huingia wamevaa hariri, na miguuni wamefunga njuga. Pembeni mwa jukwaa mwalimu amekaa chini ameshika matoazi madogo, na karibu yake wako mwimbaji na mpiga ngoma. Matoazi yakigongwa, miguu yote hupiga sakafu kwa pamoja.

Mzazi anayemwona binti yake pale huona fahari. Lakini miaka mia moja iliyopita, katika mji huohuo ambao wakati ule uliitwa Madras, familia nyingi zilizojihesabu kuwa za heshima zisingekubali kabisa binti yao acheze ngoma hiyo mbele ya watu. Ingekuwa aibu ya ukoo mzima.

Aliyefanya kazi kubwa ya kuigeuza hali hiyo ni Rukmini Devi Arundale, mwanzilishi wa shule hiyo. Wapo wanaosema aliiokoa ngoma iliyokuwa inakufa. Wapo pia wanaosema aliitoa mikononi mwa wenyewe. Ili kuyaelewa maisha yake, inabidi kuzisikiliza pande zote mbili.

Ngoma ilikuwa ya nani?

Ngoma yenyewe leo inaitwa bharatanatyam. Zamani iliitwa sadir, na ilichezwa na wanawake walioitwa devadasi, maana yake watumishi wa mungu. Msichana wa jamii hiyo alifanyiwa sherehe ya kuozwa kwa mungu wa hekalu, na baada ya hapo hakuolewa na mwanamume kama wanawake wengine.

Devadasi walifundishwa kuimba, kucheza na kusoma mashairi, wakati ambapo wasichana wengi wa India hawakupata elimu yoyote. Walicheza hekaluni, kwenye majumba ya wafalme na kwenye harusi za matajiri. Walimu wao walikuwa wanaume wa jamii hiyohiyo, na ujuzi ulirithishwa ndani ya familia kutoka kizazi hadi kizazi.

Wengi wao pia waliishi na wanaume wenye mali waliowatunza bila ndoa. Chini ya utawala wa Waingereza, wafalme walipoteza nguvu na fedha za kuwatunza wachezaji zikapungua. Wamisionari na Wahindi wapenda mageuzi wakaanza kusema kwamba desturi hiyo si chochote ila ukahaba.

Mmoja wa waliopinga kwa nguvu alikuwa daktari Muthulakshmi Reddy, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria la Madras. Yeye hakuwa mgeni wa jambo hilo, kwa sababu mama yake alitoka katika jamii ya devadasi. Alitaka wasichana wadogo wasiwekwe tena wakfu hekaluni, na mwaka 1947 sheria ya kukataza jambo hilo ilipita Madras.

Upande mwingine alisimama mwanasheria E. Krishna Iyer. Hoja yake ilikuwa kwamba desturi mbaya inaweza kuondolewa bila kuizika sanaa pamoja nayo. Aliandaa maonyesho ya wachezaji wa jamii hiyo mbele ya watu wakubwa wa Madras, na yeye mwenyewe alicheza akiwa amevaa mavazi ya kike ili watu wauone uzuri wa ngoma hiyo.

Binti wa Madurai

Rukmini Devi alizaliwa tarehe 29 Februari 1904 katika mji wa Madurai, kwenye familia ya Brahmin, tabaka la juu kabisa katika dini ya Kihindu. Baba yake, Neelakanta Sastri, alikuwa mhandisi wa serikali. Alikuwa pia mwanachama wa Theosophical Society, chama kilichohubiri udugu wa watu wote na kuzisoma dini zote. Makao makuu yake yalikuwa Adyar, pembeni mwa Madras, na baada ya kustaafu baba aliihamishia familia huko.

Hapo ndipo Rukmini alipokutana na George Arundale, Mwingereza mwalimu na mmoja wa viongozi wa chama hicho. Walioana mwaka 1920. Bibi harusi alikuwa na miaka 16, na bwana harusi alimzidi kwa zaidi ya miaka 25.

Ndoa hiyo ilizua kelele kubwa. Binti wa Brahmin kuolewa na mzungu lilikuwa jambo lisilosikika, na magazeti yaliwaandama. Kwa hiyo, kabla hata hajaifikiria ngoma, Rukmini alikuwa amekwisha kuonja maana ya kunyooshewa kidole na jamii yake mwenyewe.

Ushauri wa mgeni

Akiwa na mumewe alisafiri nchi nyingi kwa kazi za chama. Katika safari hizo, mwishoni mwa miaka ya 1920, alijuana na Anna Pavlova, Mrusi aliyekuwa mchezaji baleti maarufu kuliko wote duniani kwa wakati wake. Walisafiri pamoja kwenye meli moja kuelekea Australia, na urafiki ukakua.

Rukmini alivutiwa mno na baleti. Pavlova alimkabidhi kwa mmoja wa wachezaji wa kundi lake ampe masomo. Lakini alimshauri pia autafute uchezaji wa kwao India, kwa sababu huko kulikuwa na hazina ambayo Wahindi wenyewe walikuwa wameipa kisogo.

Kwetu tunasema mcheza kwao hutunzwa. Rukmini aliporudi nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, alihudhuria onyesho la sadir lililochezwa na wanawake wa jamii ya devadasi mjini Madras. Alikuwa amekulia mji huo, lakini kama mabinti wengi wa tabaka lake, ngoma ile ilikuwa imefichwa machoni pake kwa sababu ya heshima. Alichokiona siku ile kilimfanya aamue kujifunza.

Mwanafunzi wa miaka thelathini

Wachezaji wa ngoma hii huanza wakiwa watoto wadogo. Mchezaji hukunja magoti na kuyapanua nje, kisha hupiga nyayo sakafuni kwa mwendo wa ngoma huku mikono, macho na nyusi vikisimulia hadithi. Mwili wa mtu mzima hauzoei hayo kwa urahisi. Rukmini alikuwa anakaribia miaka 30.

Mmoja wa walimu wake alikuwa Mylapore Gowri Ammal, devadasi aliyekuwa akitumikia hekalu kubwa la Mylapore. Mwingine alikuwa Meenakshisundaram Pillai wa kijiji cha Pandanallur, mwalimu aliyeheshimika kuliko wengi. Mzee huyo mwanzoni alisita kumfundisha. Mwanamke wa Brahmin, tena mtu mzima mwenye mume, hakuwa mwanafunzi wa kawaida kwake.

Mwezi Desemba 1935, Theosophical Society ilipoadhimisha miaka 60 tangu kuanzishwa, Rukmini alisimama mbele ya wageni huko Adyar akacheza. Wapo waliokuja kwa kutaka kuona kioja tu, na wapo waliochukizwa. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Kama mke wa rais wa Theosophical Society angeweza kucheza hadharani, mabinti wengine nao wangeweza.

Shule yaanzia chini ya mti

Wiki chache baadaye, Januari 1936, alianzisha shule. Ilianza na mwanafunzi mmoja, Radha, binti wa kaka yake, na masomo yakitolewa chini ya mti. Baadaye iliitwa Kalakshetra, yaani mahali patakatifu pa sanaa.

Rukmini hakutaka wanafunzi wajue kucheza tu. Walijifunza pia muziki, lugha na hadithi za kale. Kila asubuhi walikusanyika kwa sala chini ya mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini, na desturi hiyo ipo hadi leo. Darasani mwalimu hugonga kipande cha ubao kwa kijiti, na wanafunzi hurudia hatua ileile mara nyingi mpaka miguu ijue njia yenyewe.

Alibadilisha pia mwonekano wa jukwaa. Zamani wapiga muziki walisimama nyuma ya mchezaji na kumfuata anakokwenda. Yeye aliwaketisha pembeni. Alibuni mavazi mapya kwa kuangalia sanamu za mahekalu, na akatumia taa na mapambo kama ya kwenye tamthilia. Kuanzia miaka ya 1940 alitunga michezo mirefu ya ngoma yenye wahusika wengi, wakiwemo wavulana waliosoma shuleni kwake. Kati ya mwaka 1955 na 1970 alitayarisha mfululizo wa michezo sita iliyosimulia Ramayana, mojawapo ya hadithi kuu za Wahindu.

Shuleni hapo kulikuwa pia na karakana ya kufuma vitambaa kwa mkono, kwa sababu aliona ufumaji wa zamani nao unapotea.

Waliobaki nje ya ukumbi

Mabadiliko hayakuishia kwenye mavazi. Nyimbo nyingi za sadir zilihusu mapenzi: mwanamke anamlalamikia mpenzi wake, anamngoja, anamwonea wivu. Mpenzi huyo mara nyingi ni mungu, lakini maneno ni ya mapenzi ya kibinadamu hasa. Rukmini aliziondoa au kuzipunguza sehemu alizoona hazifai, akaisogeza ngoma upande wa ibada. Bila hivyo, wazazi wa tabaka lake wasingewaleta mabinti zao.

Aliyempinga waziwazi ni Balasaraswati, mchezaji mkubwa aliyezaliwa mwaka 1918 katika familia ya wacheza ngoma na wanamuziki wa kurithi. Yeye alishikilia kwamba hakuna kitu kichafu katika nyimbo hizo, na kwamba mapenzi ndiyo moyo wa ngoma yenyewe. Kusema ngoma inahitaji kusafishwa ni kusema kwamba bibi zake waliyoicheza walikuwa wachafu. Jambo la ajabu ni kwamba wanawake hao wawili walipitia mikono ya mwalimu mmoja, kwani Gowri Ammal alimfundisha pia Balasaraswati.

Balasaraswati alipata sifa India na nje ya India. Wenzake wengi hawakuwa na bahati hiyo. Baada ya sheria ya mwaka 1947, hekalu halikuwa tena mahali pao pa kazi, na jina la devadasi likabaki kuwa tusi. Familia nyingi ziliacha kuwafundisha watoto wao ili wasichekwe. Wakati huohuo mabinti wa Brahmin na wa familia nyingine zenye uwezo walikuwa wakipigiwa makofi kwa ngoma hiyohiyo, sasa ikiwa na jina jipya.

Hao nao walikuwa wamecheza kwao, lakini hawakutunzwa.

Si haki kumtwika Rukmini lawama yote. Sheria hakuitunga yeye, na fedha za mahekalu na wafalme zilikwisha kupungua kabla hajavaa njuga. Pia aliwaajiri walimu wa jamii hiyo, Gowri Ammal akiwa mmojawao. Lakini ni kweli vilevile kwamba heshima aliyoipatia ngoma haikuwafikia wengi wa wanawake walioihifadhi.

Bungeni, na kiti alichokikataa

Mumewe alifariki mwaka 1945. Baadaye shule ilihama Adyar, na mwaka 1962 ilikuwa imeingia katika eneo lake la Thiruvanmiyur, karibu na bahari, ambako ipo hadi sasa.

Mwaka 1952 Rukmini aliteuliwa kuwa mbunge katika baraza la juu la bunge la India. Huko alijulikana zaidi kwa kuwatetea wanyama. Alipeleka muswada wa kuzuia ukatili dhidi yao, na ingawa serikali ilimwomba auondoe, ilileta wa kwake uliokuja kuwa sheria mwaka 1960. Bodi ya taifa ya kushughulikia hali ya wanyama ilipoundwa mwaka 1962, yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Mwaka 1977 Waziri Mkuu Morarji Desai alimwomba akubali kupendekezwa kuwa rais wa India. Angekuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Alikataa, akabaki na shule yake.

Rukmini Devi alifariki tarehe 24 Februari 1986, siku chache kabla ya kutimiza miaka 82. Mwaka 1993 bunge la India lilipitisha sheria iliyoitambua Kalakshetra kuwa taasisi yenye umuhimu kwa taifa zima. Leo bharatanatyam inafundishwa karibu kila mahali walikohamia Wahindi, zikiwemo Nairobi na Dar es Salaam.

Katika miaka ya karibuni, baadhi ya wachezaji wanaotoka katika familia za kurithi wameanza kusimama tena jukwaani kwa jina lao, na kuwakumbusha watu ngoma hii ilitoka kwa nani. Wanafunzi wa Kalakshetra nao wanaendelea kutoka jukwaani jioni mbele ya wazazi wao. Mzazi anayepiga makofi ukumbini anamshukuru Rukmini Devi, na ana haki ya kumshukuru. Lakini hatua ambazo binti yake anazipiga, na matoazi yanayomwongoza, vilitoka kwanza katika nyumba za watu ambao kwa muda mrefu hakuna aliyewaalika kuketi ukumbini humo.