Paul Rainey, Msasi wa Simba wa Naivasha

Mtu wa pwani akipishana na mbwa njiani hukunja nguo yake na kupita kando. Hana kosa, kwani mambo ya tohara anayajua tangu utotoni. Lakini yeyote aliyesoma chuoni akafika katika mlango wa kusaka na kuchinja atakumbuka kwamba mbwa wote si sawa mbele ya sheria. Yuko mbwa asiyefunzwa, na yuko mbwa aliyefunzwa. Aliyefunzwa akitumwa huenda, akikatazwa husita, na akikamata hali. Akitumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, alichokiua ni halali. Alichokiua yule mwingine ni mzoga. Ndipo wanavyuoni wakasema kwamba elimu humpandisha daraja hata mbwa.

Nimeanza na haya, ndugu msomaji, kwa sababu leo namweleza mtu aliyepata umaarufu mkubwa kwa mbwa waliofunzwa. Mtu huyo ni Paul Rainey, Mmarekani, aliyesaka simba katika Bonde la Ufa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Rainey alizaliwa tarehe 18 Septemba 1877 mjini Cleveland, katika jimbo la Ohio. Jamaa zake walitajirika kwa makaa ya mawe, naye akarithi mali ambayo hakuitolea jasho. Kwa hivyo alitafuta jasho lake penginepo. Alinunua maelfu ya ekari katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, akajenga kasri la wasasi liitwalo Tippah Lodge. Huko alifuga farasi na mbwa, akasaka dubu. Mwaka 1910 alisafiri mpaka kwenye barafu ya kaskazini, akamteka dubu mweupe mkubwa aliyepewa jina la Silver King, akampeleka akiwa hai kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Watu wakaja makundi kwa makundi kumtazama.

Baada ya dubu, moyo wake uliingia tamaa ya simba. Wazungu waliotangulia Afrika ya Mashariki walimsaka simba kwa farasi, au kwa kumvizia usiku penye mzoga. Rainey alitaka kumsaka kwa mbwa wale wale wa kufuata dubu. Wengi walidhani ni wazimu. Mbwa ni kitoweo cha simba, walisema; kundi zima lingemalizwa siku moja.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa pili katika kisa hiki, naye kwa maoni yangu ndiye fundi wa shughuli yote. Jina lake Er Shelley, wa Mississippi, aliyekula mkate wake kwa kufunza mbwa wa kuwindia ndege. Kwa wenzetu wa Marekani, tangu zamani mpaka leo, mwenye mwana wa mbwa wa uzao mzuri humtoa nyumbani angali mdogo, akampeleka kwa fundi akakae huko miezi, kama sisi tulivyopelekwa kwa mwalimu na vibao vyetu kwapani. Nyumbani mbwa hudekezwa na watoto akaharibika. Kwa fundi hujifunza kuja anapoitwa, kutoshtuka mlio wa bunduki, na kuleta kilichopigwa bila ya kukitafuna.

Mbwa wa kufuata nyayo ana somo lake jingine, tena zito kuliko hayo. Pua yake hunusa kila kitu, na kila harufu humwita. Fundi hana budi kumfunza harufu moja na kumkataza nyingine zote. Basi fikirini tambarare za Naivasha na Nakuru za siku zile, pundamilia, kongoni na swala wakitapakaa kama mchanga wa pwani. Mbwa akiwacha harufu ya simba akamkimbilia swala, siku yote imepotea, na huenda mbwa mwenyewe asirudi. Kwa hivyo somo la kwanza la bonde lile lilikuwa kutomwona swala hata akipita puani. Somo la pili lilikuwa kutomrukia simba. Mbwa wa simba hatakiwi awe shujaa kupita kiasi. Kazi yake ni kumfuata, kumzunguka, kumbwekea na kumshughulisha mahali pamoja mpaka wenye bunduki wafike juu ya farasi. Anayejirusha mbele hufa kwa kofi moja.

Mwaka 1911 Rainey na Shelley walifika pwani yetu pamoja na kundi la mbwa. Walipanda gari la moshi la Uganda, na baadaye Rainey akajipatia shamba Naivasha, mahali ambapo leo pamo katika Kaunti ya Nakuru. Ziwa lilijaa viboko, mlima Longonot ulisimama upande mmoja, na simba walinguruma usiku karibu na mazizi. Katika zama hizo simba alihesabiwa mwizi wa mifugo, wala sheria haikumkinga kama ilivyomkinga ndovu.

Lakini bonde lile halikuwa tupu tangu asili. Lilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 waliondolewa Naivasha na Nakuru kupisha walowezi, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Mwaka huo huo wa 1911, mbwa wa Rainey walipokuwa wakishuka melini, serikali iliandika mkataba wa pili wa kuwatoa Wamaasai Laikipia pia, ingawa wa kwanza uliahidi kwamba ardhi ile ingekuwa yao maadamu kabila lao liko duniani. Wamaasai walishitaki, na mwaka 1913 mahakama ikawatupilia mbali. Katika mwaka mmoja ng'ombe wa wenyeji walifukuzwa na mbwa wa mgeni wakakaribishwa.

Waliodhani mbwa wataliwa wote walikosea. Wako waliouawa, lakini kundi lilifanya kazi. Lilishika nyayo asubuhi, likamtoa simba vichakani, likamzingira akigeuka huku na huku, na Rainey na wenziwe wakafika kwa farasi na kupiga. Simba waliouawa kwa njia hii walifika makumi, na habari zikaandikwa Nairobi, London na New York. Wasemao kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia wangepata ushahidi wao Naivasha.

Haki isemwe kwamba Rainey hakuja kuua tu. Alifuatana na mtaalamu wa wanyama, Edmund Heller, aliyepata kufika nchi hizi mwaka 1909 pamoja na Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani. Heller alikusanya maelfu ya ngozi na mifupa ya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na wataalamu wameitumia hazina hiyo kwa miaka mingi. Rainey alichukua pia wapiga picha za sinema. Filamu yake ilitoka mwaka 1912, ikaonyeshwa New York kwa miezi. Kilichowashangaza watu sana hakikuwa bunduki wala mbwa. Ni picha za wanyama wenyewe wakija kunywa maji, bila ya mtu kuwagusa.

Filamu iliyofaulu huzaa tamaa ya nyingine. Mwaka 1914, wakitafuta picha ya simba anayeshambulia, mwindaji wa kazi Fritz Schindelar alitangulia juu ya farasi ili kumtoa simba mbele ya kamera. Simba alitoka, akamrarua, naye akafa kwa majeraha yake. Mtu alikufa ili watu wa mbali walioketi vitini wapate kusisimkwa.

Juu ya bonde hilo hilo, katika msitu wa Mau, Waokiek, ambao wengine huwaita Wandorobo, walikuwa wakisaka na mbwa tangu enzi za mababu zao. Mwana wa mbwa alifuatana na wakubwa msituni, akajifunza kwa kutazama, na alichosaidia kukipata kililiwa na jamaa nzima. Huku kwetu pwani pia, wasasi wa vijijini waliwatoa mbwa kuwafukuza nguruwe mwitu waliochimba mihogo mashambani. Hao wote walisaka kwa haja, na haja ikiisha walirudi nyumbani. Rainey hakula nyama ya simba, na mifugo aliyoilinda haikuwa sababu ya safari yake. Alisaka kwa raha, na raha haina siku ya kushiba.

Hapo ndipo ninapomrudia yule mbwa wa mlango wa fiqhi. Masharti yake ni matatu, na zito kuliko yote ni lile la kusita anapokatazwa, kwani kwenda hata mbwa koko hujua. Shelley aliwafunza mbwa kusita, wakaweza. Lakini bwana wao, kijana mwenye mali isiyohesabika, katika nchi ambayo wenyewe walikuwa wamehamishwa na serikali iliwapendelea wageni, nani angemkataza? Mbwa wake walikuwa na mfunzi. Yeye hakuwa naye.

Rainey hakuzeeka. Mwaka 1923 alikuwa melini akielekea Afrika tena, na tarehe 18 Septemba, siku ile ile aliyotimiza miaka 46, mauti yalimfika. Alizikwa baharini. Hapana kaburi lake Cleveland, Mississippi wala Naivasha.

Jina lake limehifadhiwa na dada yake, Grace Rainey Rogers. Mwaka 1924 alitoa maelfu ya ekari za vinamasi vya Louisiana kuwa hifadhi ya ndege na wanyama kwa jina la nduguye, na hifadhi hiyo ingaliko. Mwaka 1934 milango mikubwa ya shaba iliyochongwa wanyama, kazi ya Paul Manship, iliwekwa kwenye bustani ya Bronx kwa kumkumbuka. Kwa hivyo mtu aliyeua makumi ya simba anakumbukwa kwa mahali ambapo wanyama huhifadhiwa.

Kenya nayo ilichelewa, lakini ilisita. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji. Hesabu ya taifa ya mwaka 2021 ilipata simba 2,589 tu nchi nzima. Katika bonde lile la Rainey, anayetaka kumwona simba huenda Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na humkuta ndani ya ua wa nyaya.

Shelley aliandika kitabu juu ya usasi ule, kikatoka mwaka 1924, baada ya tajiri wake kufa. Umaarufu ulimwendea mwenye mali, kama ilivyo desturi ya dunia. Lakini mimi, niliyelelewa kwa fimbo ya mwalimu, namheshimu zaidi yule fundi wa mbwa. Alijua kwamba mnyama mwenye nguvu na mbio bado hajafunzwa chochote, mpaka siku atakapoitwa naye angali na hamu ya kuendelea, akarudi.