Sir Henry Birkin, Mtu Aliyeishindilia Injini Hewa

Msomaji akisimama njia panda ya Makambako wakati wa likizo, atayaona malori yatokayo Dar es Salaam yakikata kushoto kushika njia ya Njombe na Songea. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, yapata sehemu moja katika tano imepungua, na injini isiyo na tabo huchoka upesi mlimani. Kazi ya tabo ni kuishindilia injini hewa. Kabla malori hayajaijua, palikuwa na bwana mmoja aliyeitafuta nguvu ya namna hiyo hata akafilisika.

Henry Birkin alizaliwa mwaka 1896 mjini Nottingham, Uingereza, katika jamaa ya matajiri wa viwanda vya lesi. Rafiki zake walimwita Tim. Alikuwa mfupi, mwenye kigugumizi, na katika mashindano hakuacha kufunga shingoni kitambaa cha madoadoa. Vita Kuu ya Kwanza ilimpeleka Palestina pamoja na jeshi la ndege, na huko akapata malaria. Msomaji aikumbuke malaria hiyo.

Baada ya vita alipenda magari ya Bentley. Bentley ya lita nne na nusu, ikitayarishwa kwa mashindano, ilitoa nguvu za farasi kama 130. Birkin aliziona hazitoshi. Sasa, nguvu ya injini hutokana na petroli inayoungua, na petroli haiungui bila hewa. Kwa hiyo njia ni mbili: kuzipanua silinda zivute hewa nyingi zaidi, au kuziacha zilivyo na kuzisukumia hewa kwa pampu. Bwana W. O. Bentley mwenyewe alishika njia ya kwanza, akatengeneza injini ya lita sita na nusu. Pampu aliichukia kabisa, kwa kuwa aliona inaiharibu kazi yake. Birkin akashika ya pili. Fundi Amherst Villiers alimtengenezea pampu hiyo, yaani supachaja, ikafungwa mbele kabisa ya rejeta na kuzungushwa na krenki ya injini. Nguvu zikapanda hata kufika 240. Fedha za Birkin zilipokwisha, bibi mmoja tajiri, Dorothy Paget, alilipa gharama.

Lakini nguvu hazikuja bure. Gari lilikunywa petroli kwa pupa, na injini ilichemka na kuvunjika mara kwa mara. Katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, mwaka 1930, Birkin aliifukuza Mercedes ya Mjerumani Caracciola, akaipita huku tairi lake moja likichanika. Mercedes ilikufa usiku. Magari ya Birkin nayo hayakufika mwisho, na washindi wakawa zile Bentley kubwa zisizo na pampu. Mimi naona hapo Bwana Bentley alikuwa na haki ya kucheka. Hata hivyo, mwaka uo huo, huko Pau katika Ufaransa, Birkin aliling'oa taa gari lake zito akaliingiza kati ya Bugatti nyepesi, akatoka wa pili. Na mwaka 1931 alishinda Le Mans pamoja na Earl Howe kwa Alfa Romeo ya lita 2.3 tu, tena yenye supachaja! Walikuwa wa kwanza kupita kilomita 3,000 katika mashindano hayo. Kampuni ya Bentley ilianguka mwaka huo huo, ikanunuliwa na Rolls-Royce.

Mwaka 1932 aliizunguka njia ya Brooklands kwa mwendo wa maili 137.96 kwa saa, katika Bentley yake nyekundu ya kiti kimoja. Njia yenyewe ilikuwa ya saruji yenye mabonde, na gari liliruka kama mbuzi.

Mei 1933 alikwenda Tripoli, Libya, akatoka wa tatu. Huko mkono wake uligusa bomba la moshi lenye moto, akaungua. Aliliona kuwa jambo dogo. Kidonda kikaingia sumu, na wengine husema malaria ya Palestina nayo ilirudi kumsumbua. Alifariki London tarehe 22 Juni, mwenye umri wa miaka 36, akazikwa katika kijiji cha Blakeney, karibu na bahari.