Mbunge Aliyechekwa kwa Sababu ya Punda

Nikiwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuchota maji na punda. Akikataa kupanda kilima na mitungi minne mgongoni, nilimchapa palepale kwenye kidonda cha mkanda, kwa sababu ndipo alipohisi. Sikuona kama ni dhambi. Ndio maana habari za Richard Martin ziliponifikia, zilinichoma kidogo.

Martin alizaliwa Ireland mwaka 1754, kwenye ukoo wa Kikatoliki wenye ardhi kubwa huko Galway, karibu ekari 200,000, ingawa nyingi ilikuwa mawe na matope tu. Wakati huo sheria haikumruhusu Mkatoliki kuingia bunge. Basi baba yake akamlea Kiprotestanti, mtoto aje kuwa mbunge awatetee watu wake. Na aliwatetea kweli, miaka mingi, na hatimaye Wakatoliki wakapata haki hiyo mwaka 1829.

Lakini jameni, msidhani alikuwa malaika! Alikuwa mtu wa hasira na bastola, amepigana mara nyingi mpaka watu wakamwogopa. Ugomvi wake mmoja, na mtu aitwaye George Robert FitzGerald, ulichochewa na mbwa wa rafiki yake aliyepigwa risasi bure. Madeni nayo yalimfuata kila mahali. Kwake Ballynahinch, inasimuliwa kwamba mpangaji aliyemtesa mnyama alifungiwa kwenye mnara wa zamani, katikati ya ziwa.

Mwaka 1821 alipeleka bungeni London mswada wa kulinda farasi. Ilipotajwa kwamba punda naye alindwe, wabunge waliangua kicheko. Hebu fikiria, mzee wa miaka 67 amesimama mbele ya waheshimiwa wenzake, wanamcheka kwa sababu ya punda. Mswada ukaanguka. Mtu mwingine angeketi chini akatafuta jambo la kumpa heshima. Yeye alirudi nao mwaka uliofuata, na tarehe 22 Julai 1822 ukawa sheria: ukimpiga au kumtesa farasi, punda, ng'ombe au kondoo kikatili, unalipa faini hadi pauni tano, au unaingia jela hadi miezi mitatu.

Kumbe kazi ndiyo ilikuwa inaanza. Nani angewashtaki watu? Mheshimiwa mwenyewe alizunguka mitaani na kwenye soko la mifugo la Smithfield, akiwakamata watesaji na kuwapeleka kortini. Kuna kesi ya mchuuzi mmoja, Bill Burns, ambapo inasemekana punda aliletwa mbele ya hakimu ili majeraha yake yaonekane. Hapo mimi nilifunga kitabu kwanza. Nilijua wangu angeonyesha nini.

Tena, mshtakiwa akiwa maskini, mara nyingine Martin alimlipia faini yeye mwenyewe. Alitaka wanyama wapone, lakini hakutaka watoto wa mchuuzi walale njaa.

Mwaka 1824 alikuwa kati ya waliokutana kwenye mkahawa mmoja London kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Kasisi Arthur Broome ndiye aliyewaita, na William Wilberforce, yule aliyepigana na biashara ya watumwa, alikuwepo pia. Broome baadaye alifungwa kwa madeni ya chama hicho.

Martin naye hakuisha vizuri. Uchaguzi wa 1826 alishinda, ila ushindi ukapingwa na kiti kikaenda. Bila kiti hakuwa na kinga dhidi ya wadai, akakimbilia Boulogne, Ufaransa. Alifia huko tarehe 6 Januari 1834, karibu miaka 80, mbali na ardhi yake.

Mwaka uliofuata bunge lilipanua sheria yake, ikafika hata kwa mbwa.