Walter Scott: Mwandishi aliyewavalisha Waskoti wote tartani

Ukimwona mwanamume amevaa kilti ya drafti nyekundu na kijani, unajua mara moja: huyo ni Mskoti. Lakini miaka 250 hivi iliyopita, Waskoti wengi wa mjini wasingekubali kuonekana na nguo hiyo. Kwao lilikuwa vazi la wezi wa ng'ombe kutoka milimani.

Aliyegeuza mambo hakuwa fundi cherehani. Alikuwa mwandishi wa riwaya aliyetembea kwa kuchechemea, Sir Walter Scott.

Tartani si pledi

Kwanza tuweke sawa maneno mawili ambayo watu huyachanganya.

Tartani ni mchoro. Mistari ya rangi hufumwa wima na mlalo, kwa kawaida kwa mpangilio uleule pande zote mbili, na inapokatana inatoa miraba.

Pledi ni nguo yenyewe. Kwa Kigaeli, lugha ya watu wa Highlands, yaani milima ya kaskazini mwa Uskoti, neno plaide ni blanketi. Wanaume wa huko walijizungushia kitambaa cha mita kadhaa, wakakikaza kwa mkanda kiunoni na sehemu ya juu wakaitupia begani. Usiku wanafungua mkanda, wanajifunika, wanalala.

Basi, pledi nyingi zilikuwa na mchoro wa tartani. Baadaye huko Marekani neno pledi likaanza kutumika kwa mchoro wowote wa drafti, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoanzia.

Nguo iliyopigwa marufuku

Scott alizaliwa Edinburgh tarehe 15 Agosti 1771. Akiwa bado mdogo aliugua ugonjwa unaoaminika kuwa polio, mguu wa kulia ukalemaa. Alipelekwa shambani kwa babu yake, na huko akakua akisikiliza hadithi za vita vya zamani.

Wakati huo vazi la Highlands lilikuwa kosa la jinai. Mwaka 1746 wapiganaji waliouunga mkono ukoo wa kifalme wa Stuart, wengi wao wa Highlands, walishindwa vibaya Culloden. Serikali ikawakataza wanaume na wavulana kuvaa pledi na kilti, isipokuwa wanajeshi wake. Kosa la kwanza lilikuwa jela miezi 6. Ukirudia, unasafirishwa ng'ambo kwa miaka 7.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782, Scott akiwa hajatimiza hata miaka 11.

Alisomea sheria, akatamba kwa mashairi, kisha mwaka 1814 akatoa riwaya ya Waverley bila kuweka jina lake. Ilihusu uasi uliozimwa Culloden, na iliuzwa kama njugu. Watu wa milimani, waliodharauliwa miaka yote, ghafla wakawa mashujaa wa kusomwa.

Mfalme ndani ya kilti

Agosti 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh. Hakuna mfalme aliyekuwa madarakani aliyekanyaga Uskoti tangu 1651. Scott ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa sherehe, tena kwa wiki chache tu.

Akaamua kwamba watu wapambe jiji kwa tartani. Kwenye dansi moja kubwa, mwanamume asiye na sare rasmi alitakiwa aje na vazi la Highlands. Mabwana wa mjini ambao babu zao walilicheka vazi hilo wakaanza kuhangaikia kilti. Kiwanda cha William Wilson na Wanawe cha Bannockburn kikaelemewa na oda.

Mfalme mwenyewe alivaa kilti juu ya soksi ndefu za rangi ya waridi. Gharama ya vazi lake: zaidi ya pauni 1,300.

Inasimuliwa kwamba mfalme alipowasili kwa meli, Scott aliomba glasi aliyoinywea wiski ili aihifadhi. Akaitia mfukoni, akafika nyumbani, akaikalia. Ikavunjika.

Shangwe mjini, vilio milimani

Upande mwingine wa habari ulikuwa mchungu. Miaka hiyohiyo, familia nyingi za Highlands zilikuwa zinafukuzwa na wenye ardhi ili kupisha ufugaji wa kondoo. Vazi likapokelewa ikulu, wenye vazi wakafukuzwa majumbani mwao.

Halafu biashara ikanoga. Michoro ambayo awali Wilson aliiuza kwa namba au majina ya kawaida ikapewa majina ya koo, na kila familia ikataka wake. Mwaka 1829 ndugu wawili walidai wana hati ya kale inayoorodhesha tartani za koo. Scott hakudanganyika. Alishikilia kwamba kila ukoo kuwa na mchoro wake ni mtindo wa juzijuzi tu. Kumbe aliyewasha moto wa tartani hakuamini moshi wake wote.

Hati hiyo ilichapishwa mwaka 1842, miaka 10 baada ya Scott kufa. Leo inajulikana kuwa ya kughushi, lakini baadhi ya tartani zake bado zinavaliwa.

Deni hadi kaburini

Mwaka 1826 kampuni za uchapishaji alizohusika nazo zilianguka, naye akabaki na deni la takriban pauni 120,000. Miezi michache baadaye mkewe, Charlotte, akafariki. Scott alikataa kutangazwa mufilisi. Akaandika usiku na mchana kulipa, mpaka kiharusi kikamdhoofisha. Alifariki nyumbani kwake Abbotsford tarehe 21 Septemba 1832, akiwa na miaka 61. Mapato ya vitabu vyake ndiyo yaliyomaliza deni lililobaki.

Leo Uskoti ina daftari rasmi la serikali la kusajili tartani, lililofunguliwa mwaka 2009. Hata kampuni au timu inaweza kubuni mchoro wake na kuusajili. Pledi, lile blanketi la kulalia milimani, imebaki zaidi kwenye sherehe, ikining'inia begani.