Merer, msafirishaji aliyeweka daftari

BUJUMBURA – Mfanyabiashara anayetoka Bujumbura kwenda Uvira kwa njia ya Gatumba hupita karibu na delta ya mto Rusizi, kwenye mafunjo. Mmea huo ndio Wamisri wa kale waliotengenezea karatasi. Walimenya bua, wakachana kiini chake vipande vyembamba, wakapanga tabaka moja kwa urefu na jingine kwa upana, wakagandamiza, kisha wakaanika.

Karatasi za mafunjo zenye maandishi zilizo kongwe kuliko zote zilizowahi kupatikana hazikuwa za mfalme wala kuhani. Zilikuwa za msafirishaji aitwaye Merer.

Merer aliishi miaka zaidi ya 4,500 iliyopita, enzi za Farao Khufu. Alisimamia kikosi cha wanaume wapatao 40. Walipakia mawe ya chokaa katika machimbo ya Tura, wakayasafirisha kwa mashua katika maji ya Nile, wakayashusha Giza, ambako piramidi kubwa ya Khufu ilikuwa ikijengwa. Katika kila siku kumi walikwenda na kurudi mara mbili au tatu. Njiani walipita katika kituo kilichosimamiwa na Ankhhaf, ndugu wa Farao kwa baba.

Kila siku iliandikwa katika safu zake: walikolala, walichopakia, walikoshusha. Karatasi nyingine zilikuwa za hesabu ya chakula kilicholetwa kwa kikosi, kwa wino mweusi na mwekundu.

Baadaye kikosi kilipelekwa Wadi al-Jarf, bandari ya Bahari ya Shamu, ambako mashua zilivukia kwenda Sinai kufuata shaba. Bandari ilipofungwa, karatasi zilibaki huko, katikati ya mawe yaliyoziba maghala. Mwaka 2013 zilifukuliwa na wataalamu wakiongozwa na Mfaransa Pierre Tallet.

Wakubwa wa Khufu walijengewa makaburi ya mawe, lakini habari za safari za mawe kwenda Giza zimetoka kwa mtu wa mashua. Hakuandika ili akumbukwe. Aliandika ili mzigo na posho visije vikagombewa. Mali bila daftari huisha bila habari, na hilo mwenye mzigo Gatumba, Kobero au bandarini Bujumbura analijua vizuri kama Merer alivyolijua.