Apolo aliyesoma akiwa mtu mzima

Wazazi wakimbizi wengi hapa Bujumbura wanatuuliza kama mtoto aliyekosa shule maisha yake yameharibika. Tumkumbuke Apolo Kivebulaya, Mganda. Alijifunza kusoma kwa wamisionari akiwa mtu mzima, akabatizwa mwaka 1895. Mwaka uliofuata akaenda Mboga, ambayo leo iko Kongo. Chifu Tabaro alimpiga sana, kanisa likachomwa moto, lakini hakuiacha kazi, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Mwaka 1903 Apolo akawa kasisi. Lakini (wazazi, mtusikie vizuri) huyu aliyechelewa kusoma hakudharau masomo. Popote alipokaa alifundisha watu kusoma, hata Wambuti wa msituni, na Injili ya Marko ikatafsiriwa kwa lugha yao. Alifariki Mboga mwaka 1933.